Jani la Isale Mezani

Ijumaa, Julai

Mtori haukusaidia. Nilidhani mtori wa ndizi na nyama kila Ijumaa, pamoja na mtandao wa kasi kuliko wa majumbani, ungewavuta vijana warudi kufanyia kazi ofisini. Leo amekuja Aikande peke yake, kutoka Kibosho, amelowa manyunyu.

"Shikamoo, Mzee. Kwa mtori huu utatunenepesha bure!"

Akamaliza bakuli. Kisha akatoa jani la isale kwenye mkoba, akaniwekea mezani kwa mikono miwili.

"Baba, niruhusu nifanyie kazi nyumbani moja kwa moja. Mama yangu hawezi tena kuinuka bila mtu."

Kwetu Wachagga, anayeombwa kwa isale hakatai. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaeleza vijana hawa maana yake, tena kwa majivuno.

Nikakubali. Lakini wenye kampuni walishasema: viti vikibaki vitupu, ofisi ya Moshi inafungwa. Aikande atabaki na kazi yake. Mama Ndesario, mpishi wetu, hana kazi ya kufanyia nyumbani.

Jioni alikuwa anafunika sufuria la mtori, likiwa bado limejaa.

"Ijumaa ijayo nipikie wangapi, Baba?"

Nikamsaidia kulibeba.