Kadi Aliyoirudisha Tausi

Kirumba, Mwanza
Jumapili, 8 Septemba 2024

Mpendwa kaka yangu Lukman,

Assalamu alaykum, na baada ya salamu, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wifi mzima, na duka linakwenda vizuri huko Sengerema. Goti lako linaendeleaje? Dereva wako Nathaniel ananiambia bado unapanda ngazi ya stoo mwenyewe kubeba maboksi ya misumari, na vijana wako wamekaa wanakuangalia. Sisi huku hatujambo. Nyumba ya marehemu mama tumeipaka rangi kwa ajili ya harusi ya binti yako Nusrat, mpaka majirani wanauliza kama tunaiuza.

Utashangaa kuletewa barua na dereva wako wakati simu zipo. Simu umenikatia mara mbili, na ujumbe wangu umeusoma ukaunyamazia. Nikasema basi, nitaandika kama zamani, nimpe Nathaniel avuke nayo kwa kivuko cha Kamanga, maana karatasi hutaweza kuikata katikati ya maneno. Usimgombeze, hajui kilichomo.

Jambo ni lile lile: Tausi binti Mbaruku. Ulipotuma majina ya wageni mia tatu wa harusi ya binti yako, la Tausi halikuwemo. Nililikuta kwenye orodha ya kazi, chini ya kuni na mkaa. Nikakupigia, ukaniambia kwamba Tausi haalikwi, Tausi anaitwa. Ulisema kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionikasirisha.

Ni kweli, ndivyo ilivyokuwa siku zote. Harusi ikikaribia, mtu anatumwa kwa akina Mbaruku, nao wanakuja na miko yao kupitia mlango wa uani. Wanapika pilau, wanakula ukoko wageni wakishaondoka, wanasugua masufuria, wanarudi kwao. Kitambaa cha sare hawakatiwi. Nimefungua albamu zote za ukoo wetu, tangu za babu hadi za harusi yako, na hakuna hata mmoja wao kwenye picha. Wewe unamwita mtu wa nyumbani. Mtu gani wa nyumbani, kaka, ambaye miaka yote hii hajakalia kiti cha sebuleni?

Tusizungukane. Bibi mzaa baba alikuwa akitusimulia, tena kwa majivuno, jinsi babu yake alivyofika kwenye ziwa hili na misafara ya pembe, na jinsi alivyomnunua bibi mkuu wa akina Tausi kwa majora mawili ya kaniki. Kisha alikuwa akitupanga juani na kulinganisha mikono yetu, aone nani mweupe kuliko mwenzake, na Tausi yupo pale pale anapepea moto wa chai yetu. Nasi tulicheka. Nyanya yetu mzaa mama ni Msukuma wa Magu, na nywele zangu unajua zinavyogombana na kitana, lakini ukoo mzima tulijifanya tumefika kutoka Arabuni juzi.

Umenijibu kwamba utumwa uliisha zamani. Uliisha kwenye sheria, haukuisha uani kwetu. Nipe sababu nyingine ya Tausi kuitwa, mbali na kwamba bibi yake mkuu alinunuliwa. Ukisema ni fundi wa pilau, nitakubali, maana hapa Mwanza simjui anayempita. Lakini fundi anaulizwa kama ana nafasi. Fundi wetu wa nguo tulimuuliza mara tatu, tena kwa kumbembeleza. Tausi hatujawahi kumuuliza. Ukasema pia kwamba mwenyewe halalamiki. Alalamike kwa nani? Kwa mama, Mungu amrehemu, aliyekuwa akimwita kwa kupiga makofi mawili? Au kwako wewe, ambaye hujui hata ana watoto wangapi? Ni wanne, na mkubwa anasomea uuguzi.

Ukaleta na hoja ya wageni wa Tabora, kwamba watashangaa kumwona amekaa mbele na mashangazi. Waache washangae. Wakimaliza kushangaa watakula.

Basi sikungoja ruhusa yako. Nilichapisha kadi moja ya ziada, na Nusrat mwenyewe, ambaye unajua anakaa kwangu tangu aanze kazi, akaandika jina kwa mkono wake: Tausi binti Mbaruku na mumewe. Jumatano iliyopita nikaipeleka soko la samaki la Mwaloni, kwenye kibanda anachouzia chai na samaki wa kukaanga. Akaisoma yote, mbele na nyuma, kisha akanirudishia.

Kabla sijakuambia kwa nini, kuna jambo lazima nilitoe. Ujasiri wangu huu usiuite wema.

Ulioa mwaka 1994, mwezi kama huu. Mimi na Tausi tulikuwa darasa la saba, dawati moja. Kwa hesabu yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza, na hata sehemu nilizielewa siku aliponikatia chapati vipande vipande akinieleza. Harusi yako iliangukia wiki ya mtihani wa kumaliza. Asubuhi ya mtihani mimi nilipewa chai na mayai mawili. Tausi alikuwa uani anamenya vitunguu saumu, amevaa nguo za shule ndani ya khanga, akidhani saa ikifika ataachiwa aende. Mama akanituma nikamwambie Mwalimu Revocatus kwamba Tausi ana malaria kali, hawezi kuinuka.

Nikaenda, nikamwambia. Hakuna aliyenishikia fimbo. Na nikisema kweli yote, kaka, moyoni nilifurahi, kwa sababu nafasi za sekondari zilikuwa chache na yeye alikuwa mbele yangu. Matokeo yalipotoka na jina langu likaonekana, wewe ndiye uliyeninunulia mbuzi wa kunipongeza. Tausi ndiye aliyempika. Leo mimi ni mwalimu wa hesabu, na miaka thelathini nimekula mkono wake kwenye kila harusi ya ukoo huu bila kufungua mdomo. Naona aibu, Lukman. Naona aibu mpaka ninapoandika sasa hivi.

Nilimwambia yote Jumatano ile ile. Alinisikiliza huku anageuza samaki. Akaniambia alijua tangu siku yenyewe, kwa sababu Mwalimu Revocatus alifika kwao mchana na machungwa ya kumpa pole mgonjwa, akaelekezwa uani kwetu, akamkuta kwenye masufuria. Aliyaweka machungwa chini akaondoka. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Kuhusu kadi, alisema kosa langu nimelileta mwenyewe na amelisikia, lakini mwaliko huletwa na mwenye harusi. Baba wa bibi harusi akifika mlangoni kwake akamwalika, atakuja na mumewe, atapita mlango wa mbele, na hata pilau ikikosa chumvi hatainuka kitini.

Mapishi yasikusumbue. Nimeshaongea na Selina wa Pasiansi na kikundi chake, na walikubali baada ya kuulizwa. Uliyebaki ni wewe. Vuka Alhamisi asubuhi. Nitakupeleka, kwa kuwa najua hujui anakoishi, ingawa ni dakika kumi kwa miguu kutoka nyumba uliyozaliwa. Usibebe mchele wala bahasha. Vaa kanzu, bisha hodi, ngoja ukaribishwe, umkabidhi kadi kwa mikono miwili. Mtihani ule hatuwezi kumrudishia. Hili tunaweza, na mimi najua unaweza, maana wewe ndiye kaka aliyenifundisha kutomdhulumu mteja hata misumari miwili.

Usipokuja, sitasusa harusi ya mtoto wetu. Nitavaa sare yangu, nitakaa mbele, na nikipewa kipaza sauti kama shangazi wa bibi harusi nitawasimulia wageni wote, wa Tabora wakiwemo, ni nani aliyekosa mtihani ili wewe uoe. Unanijua. Sitanong'ona.

Nusrat anakusalimu sana, na amesema nikuambie kwamba kando ya kiti cha mama yake ameshaweka cha Tausi, na hakitakaliwa na mtu mwingine. Wifi mpe salamu zangu, na umwonyeshe barua hii, asiisikie kwa watu. Majirani wote wanakuulizia. Mungu akuvushe salama.

Ni mimi mdogo wako, niliyefanya mtihani ule,

Moza