Chumba Tulichokipita kwa Kunyata

Jumapili, 2 Machi

Mama kaondoka asubuhi. Semina ya manesi, wiki mbili. Kaniachia funguo zote kwenye kamba nyekundu na kusema mlangoni: "Wewe ndiye mwenye nyumba mpaka nirudi." Mimi! Mimi ninayejifungia chooni dalali akipita kusalimia!

Nyumba ni yetu tangu Desemba tu. Mbele tunakaa sisi, uani kuna vyumba vitatu vya kupangisha: Kinyozi, Babu Pasi, Mama Pacha. Mama aliinunua na watu wake ndani. Kabla ya kununua tulifuata maagizo ya Shangazi Vyumba — dada yake baba, ana nyumba tatu za wapangaji na sauti ya kuziongoza zote bila simu. Nendeni mvua ikinyesha. Fungueni bomba saa ambayo kila mtu anaoga. Dalali msikilizeni, lakini waulizeni majirani. Na kila chumba mwingie.

Tulifanya yote. Kasoro chumba kimoja. Babu Pasi alikuwa kalala. Dalali akanong'ona, mzee kapumzika, tusimsumbue. Mama naye akanong'ona, kweli, haifai. Tukapita kwa kunyata.

Jumanne, 4 Machi

Mama Pacha kaniita chumbani kwake. Kauchukua mkono wangu, kauweka ukutani, juu kidogo ya kitanda cha mapacha. Ukuta una joto! Si joto la jua. Ni joto la paji la uso la mtoto mwenye homa.

Upande wa pili ni kwa Babu Pasi. Ni dobi, anapiga pasi nguo za nusu ya mtaa, pasi mbili kwa zamu: moja inapata moto, nyingine inafanya kazi. Mama Pacha anasema taa yake hufifia babu akianza tu shati la kwanza. Halafu kuna harufu. "Mimi nilimwambia kwa utani, akacheka. Wewe mwenye nyumba mwambie bila utani."

Nikasema sawa. Kisha nikaenda kufua soksi ambazo zilikuwa safi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda! Hodi. Shikamoo babu. Marahaba mjukuu wangu, shule vipi, mama kafika salama, na hiyo kola mbona imejikunja kama sikio la mbuzi, hebu lete hapa. Niliingia kumwambia apunguze pasi. Nimetoka na sare iliyonyooka kama ya dukani. Aibu yangu!

Ila macho yalikuwa chini kama kawaida yangu, na chini ndiko soketi ilipo. Imeungua pembeni, rangi ya chai. Waya unaoingia ukutani ni mwembamba, ule wa taa. Si yeye aliyeuweka, rangi ya ukuta imepakwa juu yake tabaka kwa tabaka. Waya ule ulikuwamo humu kabla yake. Kwa hiyo ni wetu. Tuliununua tukinyata.

Shida yangu ni shikamoo. Kwa Kiingereza cha darasani ningesema jina langu, hoja yangu, asante, basi. Nyumbani naanza na shikamoo, na nikishapewa marahaba nimekuwa mjukuu. Mjukuu atamzimiaje babu yake pasi?

Alhamisi, 6 Machi

Mama kwenye simu: subiri nirudi, mwanangu, yule mtu mzima, nitaongea naye vizuri.

Shangazi kwenye simu: "Na moto nao utasubiri semina iishe?" Halafu akanifokea dakika nzima, kwa upendo. Kitu cha hatari hakingoji mpangaji alalamike, ukikiona kitengeneze. Kuta zenu, waya wenu, lawama yenu. Na ukimzuia mtu kazi yake, mwonyeshe pa kuifanyia, usimwachie pole tu. Kisha: "Unanisikia au umetikisa kichwa? Kichwa hakisikiki kwenye simu!" Nilikuwa nimetikisa kichwa.

Fundi umeme nimempigia mwenyewe. Jasho lilinitoka, lakini nimempigia. Anakuja Jumamosi.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nilimwomba babu atumie pasi moja tu. Kwa sauti ya mbu. Kasema sawa mjukuu. Nikaenda shule nikijipongeza.

Nimerudi — uani kunanuka plastiki. Mama Pacha kahamishia watoto nje, wako kwenye mkeka. Kwa babu pasi zote mbili zinafanya kazi, na lundo la sare za hoteli mpaka dirishani. Soketi inalia kama nyuki.

Sikubisha hodi. Nikaenda kwenye swichi kuu ukumbini, nikafungua kisanduku, nikazima.

Kimya! Kinyozi katoka mbio: "Nani kazima? Nina kichwa nusu humu!" Nikasema mimi. Hakusikia. Nikasema tena, MIMI. Mteja wake naye katoka, kweli nusu.

Babu Pasi katoka mwisho, pasi mkononi, waya unaburuta. Hotelini wanazitaka kesho alfajiri, kasema. Wasipozipata, kazi anapewa mwingine, na hakuna hoteli nyingine inayomjua. Halafu kaniangalia. "Umenizimia, binti. Hata shikamoo hujanipa."

Kweli sikumpa. Kaingia, kafunga mlango.

Nimetoa fyuzi ya uani, nimewasha mbele tu. Kwetu waya ni mpya, mama aliubadilisha kabla hatujahamia. Meza yangu ya kusomea nimeivuta chini ya dirisha, nimetandika blanketi na shuka. Mtihani wa fizikia ni Jumatatu. Nitasomea jikoni.

Nikarudi mlangoni kwa babu. Shikamoo babu. Hakuna jibu. Nikarudia. Hakuna! Sijawahi kunyimwa marahaba maishani. Miguu ilitaka kukimbia. Nikauambia mlango, kwa sauti, na Mama Pacha akisikia: waya ni kosa letu, si lako. Fundi ni kesho. Sebuleni kwetu kuna umeme mzuri na meza, piga pasi mpaka umalize. Ila humu siwashi, hata ukinichukia.

Nikarudi kwetu mbele.

Sasa naandika sebuleni. Kichwa nusu kiko kwenye kochi letu, kinamaliziwa, Kinyozi ananiita "bosi" na nywele zinaanguka kwenye zulia la mama. Simu inaita, ni mama. Nitampigia baadaye.

Hatua ukumbini. Za polepole, anaburuta kitu kizito. Zimefika hapa, zimesimama. Naona kivuli chini ya mlango. Kapu la sare au mizigo ya kuhama, sijui.

Hajabisha hodi bado. Chooni siendi.