Poudre ya mama

Adèle, nimemaliza kudéfendre travail yangu ya mwisho ku université. Banipa distinction, note ya juu. Na sisikii furaha.

Unakumbuka sujet yangu, kule neno ya Kiingereza « lady » ilitokea. Nikaeleza jury vile Waingereza ba zamani balisema « hlæfdige », mama mwenye kukanda mukate. Njo mama mukubwa wa nyumba, mwenye kulisha batu bote. Kisha polepole ikakuwa jina ya bamama ba heshima, benye habagusi hata unga.

Sasa professeur mumoja muzee wa jury akauliza: « Mademoiselle, na hapa Bunia, unajua mama mumoja mwenye kukanda hivyo? »

Nikasema hapana.

Adèle, nilisema hapana. Mama yangu anakanda beignet, mandazi ya kuuzisha ku soko, kila siku. Ile beignet njo ilinisomesha. Weye mwenyewe uliikula miaka yote.

Nilisikia haya ya kutaja kazi yake mbele ya bale batu ba kravate.

Na sikujua kama mama ameshaingia. Alikuwa amesimama ku mulango na kikwembe mupya, na boîte ya poudre nyeupe mu mukono, ya kunimwangia ku kichwa nikishinda, vile banafanyiaka bote benye kushinda.

Nilipotoka, benzangu balikuwa beupe pe na poudre, familia zao zinaimba. Mama alikuwa ameshaenda; boîte yangu nikaikuta juu ya kiti, bado kufunguliwa.

Nikamupigia simu. Akasema tu: « Nimerudi kukanda ya kesho, mademoiselle. »

Mademoiselle.

Niko narudi kwa miguu na ile boîte. Batu banaangalia kichwa yangu nyeusi, banawaza nimeanguka, bananiambia pole. Naitika aksanti.