Sahani ya Tatu Mezani Kwetu

Mpendwa mshauri,

Shikamoo, na naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana nakuandikia nikiwa nyuma ya mlango wa jikoni na yai la kuchemsha mdomoni, huku mume wangu yuko sebuleni anamsimulia mgeni jinsi mke wake anavyoridhika na maharage.

Mimi ni fundi cherehani, nafundisha mabinti kushona katika chumba cha nyuma cha kanisa letu, na mume wangu ni fundi wa pampu za visima, wiki nzima anazitengenezea misheni na Jumapili anahubiri, watu wamembandika jina la Karibu Ndani kwa sababu hawezi kumwona mtu akipita mlangoni halafu akanyamaza. Tumefunga ndoa juzi juzi tu, hata mapambo ya karatasi bado yananing'inia dirishani, na kabla ya ndoa tulikubaliana wote wawili, hakuna aliyemshurutisha mwenzake, kwamba tutakula chakula cha kawaida na nguvu zetu tutazitoa kwa utumishi. Hilo sijalijutia, na nakuomba mstari huo uusome mara mbili usije ukanihubiria bure.

Balaa lilianza siku yenyewe ya harusi. Mume wangu aliposimama kutoa shukrani, furaha ikampanda kichwani, akatangaza mbele ya kanisa zima kwamba mezani kwetu kila jioni kutakuwa na sahani ya tatu, na kwamba sisi wawili tukila peke yetu chakula hakitapita kooni. Kanisa likapiga makofi na vigelegele, na mimi nikiwa na shela langu nikapiga makofi pamoja nao, kama vile najua ninachoshangilia.

Tangu hapo, mshauri, hatujawahi kula wawili. Kila jioni nikishaipua sufuria tu, hodi. Leo fundi viatu, kesho mama mwenyekiti wa umoja wa akina mama, keshokutwa mwalimu wa kwaya, na wote wanakaa kwenye kiti kilekile, kile kizuri, mimi nakalia ndoo niliyoipindua. Na wala si kwamba wana njaa, maana fundi viatu alikuja juzi mikono inanukia samaki wa kukaanga, akala maharage yangu taratibu kama mtu anayekunywa dawa, akamaliza, akashukuru, akatazama saa. Mama mwenyekiti alikuja kwenye mvua kubwa, viatu mkononi, nikamwambia mama ungepumzika nyumbani leo, akanijibu, "Mwanangu, siwezi kuwaangusha." Siku moja wakakutana wawili mlangoni, mwalimu wa kwaya akamwambia fundi viatu, "Kumbe leo ni wewe?" na kabla sijasema karibuni akageuka akaenda zake anapiga mluzi, nikadhani ameona aibu kwa sababu sahani ni moja.

Anayeonekana kuwa na njaa kweli ni babu mlinzi wa lango la kanisa, kila jioni anapita na birika lake la chai ya rangi, nikimwambia karibu babu, anachungulia ndani na kusema, "Naona mna mgeni, mjukuu wangu, siku nyingine," na siku nyingine haifiki.

Basi nimeanza kuchemsha yai moja pembeni na kulila hapa mlangoni nikiwa nimesimama, si kwa njaa, ila nataka kitu kimoja tu katika siku ambacho ni changu. Jana nilirudi mezani nikakuta mume wangu ameanza kuomba, anasema, "Bwana, asante kwa kunipa mke asiyetamani makubwa," na mimi kiini cha yai kiko kwenye ndevu ambazo sina. Nilisema amina kwa sauti ndogo sana.

Sasa lililonifanya nishike kalamu ni hili. Misheni inatutafutia nafasi ng'ambo ya vilima, hakuna kanisa, tutaanza wenyewe, yeye visima na mahubiri, mimi cherehani na kuwaangalia wagonjwa. Mume wangu amekubali mpaka analala anacheka. Mchungaji anasubiri jibu langu Jumapili, na mimi nataka kukataa, nitasema kifua changu hakiwezi baridi ya kule, kwa sababu nikiwaza meza yetu ya huku nikaipeleka kule ambako kila mtu atakuwa mgeni, naona nitazeeka nikiwa juu ya ndoo. Nampenda mume wangu, mshauri, ila simjui. Hata chumvi sijui anataka nyingi au kidogo, kwa kuwa kila nikimuuliza anasema, "Muulize mgeni."

Je, mimi ni mchoyo? Na hicho kifua, nikisingizie au nisikisingizie?

Ni mimi,
Mla Yai wa Nyuma ya Mlango

*

Mla Yai mpendwa,

Marahaba, mwanangu. Futa mdomo kwanza, kisha tukae tuongee.

Mchoyo si wewe. Mchoyo hakalii ndoo akampa mtu kiti. Nimekuonea huruma tangu mstari wa kwanza, na nimecheka tangu wa pili, utanisamehe. Lakini una kosa, na nitakuambia bila kukupaka mafuta: una macho mazuri ya kuona mshono uliopinda, ila wageni wako umewatazama jioni baada ya jioni usiwaone.

Hebu soma tena barua yako mwenyewe. Fundi viatu ameshakula samaki wake kwake, na bado anakuja kumeza maharage yako huku akitazama saa. Mama wa watu anavuka mvua na viatu mkononi, anakwambia hawezi kuwaangusha. Mwalimu wa kwaya anakuta mwenzake mlangoni, anauliza kama leo ni yeye, anaondoka na mluzi. Mtu aliyenyimwa chakula hapigi mluzi, mwanangu. Anayepiga mluzi ni mtu aliyegundua kwamba leo si zamu yake.

Ndiyo, zamu. Sikuwepo kwenye kikao chao na siwezi kuapa, lakini niko kwenye makanisa miaka mingi na akina mama wenyeviti nawajua. Mumeo alisimama akasema bila mgeni chakula hakitapita kooni. Wewe ulidhani anawakaribisha. Wao walisikia maharusi wao watashinda na njaa, wakapangiana jioni kwa upendo, na sasa wamechoka kama wewe, ila hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kuacha. Wewe unavumilia kwa ajili yao, wao wanavumilia kwa ajili yako, na maharage yanawavumilia nyote. Anayestahili sahani yenyewe anapita nje na birika lake, anawaona mna mgeni, anarudi langoni na njaa yake. Hapo ndipo sicheki tena.

Na hicho kifua. Binti, kifua kinachopuliza mkaa kila jioni na kufundisha mabinti mchana kutwa leo kimekuwa kibovu? Usianze kumdanganya mchungaji kwa sababu umeshindwa kumwambia mumeo neno moja la kweli. Hukatai utumishi, nimekuelewa, mstari wako nimeusoma mara mbili kama ulivyoagiza. Unachotaka ni mume. Hilo halihitaji daktari wala toba, linahitaji kusemwa.

Mumeo naye nisimwache. Bwana Karibu Ndani, kama unasoma gazeti hili hapo kisimani, weka spana chini. Umewakaribisha watu wote wa kanisa lako, hongera. Sasa angalia nani amekaa juu ya ndoo.

Fanya hivi, na ufanye kabla ya Jumapili. Kesho asubuhi nenda kwa mama mwenyekiti, usimlaumu, mshukuru, halafu mwambie maneno haya haya: "Mama, tumeanza kuweza kula wenyewe." Ukimwona anashusha pumzi, ujue sikukosea. Atawaambia wenzake kabla hujafika nyumbani, na fundi viatu atakuombea dua njema maisha yake yote.

Jioni pika kama kawaida. Sahani ya tatu ijaze vizuri, msiiache, maana ahadi ni ahadi, mumeo aliitoa na wewe ukaipigia makofi. Lakini mgeni asiifuate kwenu, ibebeni nyie wawili mkampelekee babu pale langoni, mumwamkie, mumsubiri apoze chai yake kidogo, kisha mrudi nyumbani. Mkifika ng'ambo ya vilima mtafanya vivyo hivyo: sahani itatoka nje kwa mwenye njaa, na meza itabaki na wenyewe. Mtu anaweza kuishi hivyo hata akazeeka, na kwenye kiti.

Mkisharudi, funga mlango. Chemsha mayai mawili, si moja, na uyaweke mezani mbele ya macho ya mumeo. Mwambie kila kitu, habari ya mlangoni na ya kifua, na kwamba unaogopa kwenda mbali na mtu usiyemjua. Atashtuka. Mwache ashtuke kidogo, itamsaidia kwenye mahubiri. Jibu la mchungaji litafuteni baada ya hapo, mkiwa wawili, na liwe lolote mtakaloliona sawa.

Na kabla hajaanza kula, muulize chumvi. Akikwambia umuulize mgeni, vuta kiti kile kizuri, ukalie, umwambie leo mgeni ni wewe.