Kipande cha Mgongo Wako Hakirudi Bungu

Kaka yangu Shabani,

Nimeona nikuandikie, maana jambo lenyewe ni lako na hukulimaliza.

Unakumbuka ile miaka mitatu baada ya kuanguka kutoka kwenye mparachichi nyuma ya nyumba, miguu ikagoma kabisa? Kila baada ya saa mbili nilikuja kukugeuza ubavu usipate vidonda. Ulikuwa mzito, nami mvivu, tukagombana sana. Ulisema nakugeuza kama muhindi wa kuchoma, tena kwa mtu asiyejua kuchoma. Siku hiyo nilicheka, kesho yake nikakununia.

Fomu ile uliitia saini mwenyewe hospitalini, nikiwa nimesimama hapo. Daktari alikueleza kwamba ukifa watachukua kipande cha uti wa mgongo, pale ulipoumia, wakichunguze. Mimi nilipinga. Ukaniambia, "Mgongo huu umenishinda. Wauchukue, labda watajua cha kumfanyia mwingine."

Ulipofariki, Baba mkubwa ndiye aliyekuosha. Akaona mshono mgongoni, akaniita nje. Kwetu mtu huzikwa mzima, unajua. Watu walishamaliza kuchimba kaburi, nami nikaogopa, nikamwambia kipande kitarudishwa. Uongo mtupu. Akakata kitambaa kwenye sanda, akakikunja na kukiweka sandukuni kwake, ili kipande kikirudi kifungwe humo na kuzikwa kwa heshima. Mwaka mzima, kila nikipanda kijijini Bungu kutoka Mombo, nikishampa shikamoo ananiuliza kama kimefika. Nasema bado.

Wiki iliyopita daktari alinipigia simu. Kipande chako wamekikata vijipande vyembamba sana, na watafiti wa nchi nyingine wanaviomba nao wavichunguze. Kwenye fomu kulikuwa na swali la kugawana na wengine, wewe ukaliruka. Sasa wanataka sisi ndugu tujibu. Na wakishagawana, hakuna kitakachorudi.

Ningeweza kujibu kimyakimya, lakini nilishachoka kusema bado. Nikaenda kwa Baba mkubwa, nikamweleza yote, na uongo wangu humo humo. Alikasirika, na alikuwa na haki. Hakunifokea. Kisha akauliza kama kweli ulitia saini kwa mkono wako. Nikasema ndiyo, nilikuona.

"Mimi sijaridhika," akasema. "Lakini mgongo ulikuwa wake."

Basi nimejibu ndiyo, kaka. Wagawane. Sijui kama kuna mtu atakayesimama kwa sababu yako. Daktari mwenyewe hakuahidi. Naona aibu kwa kumdanganya mzee, na nakukosa, hata ule ugomvi wetu naukosa.

Mwaka mzima sikuweza kukuaga. Kwa maneno yangu mwenyewe, ulikuwa bado uko njiani unarudi.

Kwaheri, kaka.

Mdogo wako