Mishale yote inatoka kwangu

Jumapili

Hapana, sikusahau samaki wa Mama Neema. Niliagiza asubuhi. Ila upepo ziwani ulimchelewesha mvuvi, akamwambia bodaboda, na bodaboda akaona kunijulisha mimi si kazi yake. Mimi niko sokoni napiga stori, najua perege wameshafika Singe, kwa Mama Neema.

Saa nane Mama Neema kanipigia, wageni wa kipaimara wameshanawa mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sasa wageni wale ugali na vichekesho vyako?"

Oda ya samaki wa harusi ya Neema anasema atampa muuzaji mwingine. Hiyo ndiyo inaniuma.

Jioni nimechora kwenye boksi la sabuni. Duara la mvuvi, la bodaboda, la Mama Neema, na langu katikati, kubwa kuliko yote. Nikaweka mishale, nani alimwambia nani nini kabla ya simu ya saa nane. Ukiacha wa mvuvi kwa bodaboda, yote inatoka kwangu. Hakuna hata mmoja unaorudi. Kumbe mimi ni redio tu.

Haya daftari, tukubaliane. Kila nikiandika "nimeshamwambia", wewe niulize amejibu nini. Nikikosa jibu, sijisifu humu mpaka nimpigie.