Yaya, Ile Antena Niliiona

Yaya Mado, dada yangu mpendwa,

Juzi nilisikia kwamba ukumbi unaofanyia kazi huko Lubumbashi una mikro nane za kupazia sauti, zisizo na waya, zote mpya, na hakuna anayezigusa bila ruhusa yako. Nilifurahi kwa mdomo. Moyoni nilichukia, kama zamani.

Hata hapa Likasi, tulipokuwa na mikro nne tu za kuokoteza, kikundi kizima cha tamthilia kilikutegemea wewe, na mimi mdogo wako nilivuta nyaya. Kabla ya kila onyesho ulinituma nitembee jukwaani nikihesabu kwa sauti, nawe ukitazama taa za mashine ya kupokea. Sauti ikipotea, unapiga kelele: "Simama apo! Usitikisike!" Kisha unainua antena juu ya vichwa vya watu, unazitenganisha, unazisogeza mbali na yale mabati ya pambo, na sauti inarudi. Watu walikupigia makofi hata mchezo haujaanza. Mimi niliyetembea mpaka miguu ikauma, nani aliniona?

Nilikuonea wivu, Yaya, tena si kidogo.

Basi ile Jumamosi mchana ulimfunga Mama Tété, mwigizaji wetu mkuu, kisanduku cha mikro kiunoni, antena yake ikining'inia chini vizuri. Kazi hiyo ilikuwa yako, maana sisi wanaume hatutii mkono kwenye kikwembe, kitenge alichojifunga mke wa mtu. Ulipokwenda kwenye meza ya sauti, yeye alikifungua kikwembe, akakikaza upya, na antena akaikunja ndani ya fundo ili isionekane. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Niliiona, nami nilijua antena iliyokunjwa hukata sauti.

Sauti yake ilianza kukatika tangu mwanzo wa mchezo. Ulibadilisha betri, ukasogeza antena za mashine, ukahama chaneli. Halafu ukashuku kanisa la ng'ambo ya barabara, kwa kuwa nao wana mikro za namna ileile, ukakimbia kuwaomba wazime kidogo. Mchungaji alikubali, maombi yakakatizwa. Mama Tété akaendelea kukatika vilevile.

Kiongozi wetu alikukaripia mbele ya watu wote. "Mado, unanyamazisha neno ya Mungu juu ya mchezo ya théâtre, na bado micro haipone? Weye haujue hii kazi!"

Ulinigeukia. "Fiston, haukuone kintu?"

"Hapana, Yaya. Sikuone kintu."

Wiki ile wenzetu walikuondoa kwenye kikundi. Unawajua, ni watu wa sala, jambo la kanisa halikuwashuka kooni. Meza ikawa yangu. Siku hizi namwambia Mama Tété kwa mbali aiache antena ishuke, mikro zinasikika, na wao wanasema nina mkono wa Mado. Kila wakisema hivyo natamani kuivunja mashine.

Jana kwenye mazoezi walikuwa wakikucheka. "Angekuwa Mado, angefungisha hata kanisa leo!" Nilidhani nitacheka nao. Nilishindwa, nikasema yote, kuanzia kile kikwembe mpaka uongo wangu kwako. Mama Tété alijishika kiuno akaanza kulia. Kiongozi hakunitukana. Alitoa simu yake mfukoni na kuuliza, "Numéro ya Mado iko na nani?"

Na unajua nilihisi nini, Yaya? Wivu. Nimesimama pale na aibu yangu yote, na bado anayetafutwa ni wewe.

Watakupigia. Wakikuomba msamaha, wape. Mimi usinipe haraka. Na wakikuomba urudi, hata kwa mchezo mmoja, njoo ukae kwenye meza yako. Mimi nitavuta nyaya. Roho itaniuma, iniume tu.

Mdogo wako,
Fiston